Maziko tunayachangia bila kuhimizwa. Na mgonjwa wa saratani aliye hai je?

Mwana wa Jadida (mleta uzi):

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, na nyinyi mlioko bara na ughaibuni.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifuatana na wagonjwa wa saratani kutoka Pemba kwenda kutibiwa Dar es Salaam, wengine wakiwa jamaa zangu na wengine majirani tu wasio na mtu wa kuwashika mkono. Nililoliona huko ndilo linalonifanya nifungue uzi huu. Sisi watu wa visiwani, mtu akifariki, hatungoji kuombwa. Kabla jua halijatua kaburi limechimbwa, sanda imepatikana, mchele umeletwa, na vijana ambao hata hawakumjua marehemu wanapokezana jeneza. Lakini mtu huyo huyo aliugua mwaka mzima, akaacha matibabu katikati kwa kukosa nauli na pahala pa kulala, na hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kumchangia. Naamini kwa dhati kwamba nguvu ile ile ya mtaa ikitolewa mapema, wako watu ambao tungekuwa nao mpaka leo, na wako wengine ambao wangeondoka duniani bila mateso waliyoyapata.

Nieleze safari yenyewe, maana asiyewahi kuuguza hawezi kuikisia. Mgonjwa wa Konde au Micheweni huanzia kituo cha afya, akapelekwa Wete, au Chake Chake, au Abdulla Mzee kule Mkoani, kisha akavuka kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ambako kuna kitengo cha saratani. Huko anakatwa kipande kidogo cha nyama cha kupimwa, anasubiri majibu, na ikiwa tiba yake inahitaji mionzi anaandikiwa rufaa ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, ile hospitali iliyopo ufukweni mwa Dar es Salaam katika majengo ambayo Wajerumani waliyajenga katika miaka ya 1890, na ambayo mwaka 1996 ilifanywa taasisi kamili kwa sheria.

Mionzi haiumi, na kila inapotolewa humalizika kwa dakika chache. Uzito wake uko katika kurudiwa. Kwa saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, mgonjwa kwa kawaida hupigwa mionzi ya nje Jumatatu hadi Ijumaa kwa muda wa wiki 5 hivi, akafuatishiwa mionzi ya ndani, na mara nyingi katika wiki hizo hizo hutundikiwa dawa ya dripu mara moja kwa wiki. Kwa hiyo mama wa Konde anatakiwa aishi Dar es Salaam karibu miezi miwili kwa ajili ya matibabu ambayo kwa siku humchukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Hata pale gharama za matibabu zinapopata wa kuzibeba, kinabaki chumba, kinabaki chakula chake na cha anayemuuguza, inabaki nauli ya kila asubuhi, na wanabaki watoto aliowaacha kwa jirani.

Wengi hawalijui hili, na mimi mwenyewe nilielezwa na mtaalamu wa mionzi aliyekuwa na subira ya kukaa na sisi wasindikizaji: tiba yote ya saratani hiyo inatakiwa imalizike ndani ya wiki 8. Ikikatika, chembe za saratani zilizonusurika huanza kuzaliana upya, na mionzi iliyokwishatolewa hupungua manufaa yake. Mama anayerudi Pemba katika wiki ya tatu kwenda kuuza kiwanja chake, kisha akarejea baada ya mwezi, haendelei pale alipoachia. Ndiyo maana nasema kwamba nauli na godoro ni sehemu ya dawa, na anayevitoa amemtibu mgonjwa.

Nitaje jambo dogo lililonifunza mengi. Kabla ya kuanza mionzi, mgonjwa huchorwa alama za wino mwilini ili mashine ielekezwe pahala pale pale kila siku, na anaambiwa asizisugue. Mama yangu mdogo aliposikia hivyo aliacha kabisa kutia maji sehemu ile, na kwa siku kadhaa alikuwa akilia usiku kwa kudhani kwamba josho lake halitimii na sala zake hazipo. Hakumwambia daktari, kwa sababu daktari alikuwa mwanamme, na mimi sikumwambia kwa sababu sikujua. Aliyemtoa katika dhiki hiyo alikuwa mwanamke wa Tanga aliyekaa naye kwenye benchi, mgonjwa mwenzake, ambaye alikwisha kumuuliza sheikh wake na kujibiwa kwamba rangi isiyo na ganda haizuii maji kufika mwilini, sawa na hina, na kwamba inatosha kumwagia maji bila ya kusugua. Matibabu yale yale, mashine ile ile, lakini tokea siku ile alianza kula. Huruma ninayoizungumzia ni ya namna hiyo: kujua ni kitu gani hasa kinamkosesha mgonjwa usingizi.

Wako watu walioligeuza jambo hili kuwa utaratibu wa kudumu. Mwaka 1993, katika mji wa Calicut, jimbo la Kerala nchini India, pwani ile ile ya Malabar ambayo majahazi yake yalikuwa yakifika Unguja kwa pepo za kaskazi, madaktari wachache akiwemo M. R. Rajagopal walianzisha kliniki ya kutuliza maumivu ya wagonjwa wa saratani. Walipoona kwamba wengi hawana njia ya kufika, waliwafundisha watu wa kawaida wa mitaani, mafundi, walimu na wenye maduka, namna ya kumzuru mgonjwa, kumsafisha, kuangalia dawa zake na kujua lini aitwe muuguzi. Gharama zilitoka katika michango midogo midogo ya watu wa pale pale. Utaratibu ulienea mpaka mwaka 2008 serikali ya jimbo ikautungia sera na kuubeba. Hawakungoja watajirike kwanza.

Naomba tujadili: shehia moja ya Pemba au ya Unguja, yaani mtaa au kijiji chini ya sheha wake, inaweza kuanza vipi?

Muuguzi Mstaafu, Chake:

Waalaykumu salaam mwanangu. Nimefanya uuguzi Pemba mpaka nikastaafu, na haya ninayoyaandika nimeyafanya kwa mikono yangu. Naomba katika hesabu yako umuongeze yule ambaye hakwenda Dar es Salaam, au alikwenda akaambiwa kuwa maradhi yameshapita kiwango cha kuponywa, akarudishwa nyumbani. Huyu ndiye anayesahauliwa zaidi, kwa sababu familia ikisikia kwamba hospitali imemaliza, nayo inakaa kitako na kungoja.

Chukueni kidonda cha saratani ya ziwa, yaani titi. Nimeingia nyumba ambamo udi na ubani vinafukizwa tokea asubuhi mpaka usiku, chumba kimejaa moshi, mgonjwa anakohoa, na harufu iko pale pale. Wageni wanakaa ukumbini, wanauliza hali kupitia pazia, wanaondoka. Mgonjwa mwenyewe kageukia ukutani kwa aibu, na hali hakufanya la aibu. Harufu hiyo inatokana na bakteria wanaoishi katika nyama iliyokufa, na dawa yake ni vidonge vya metronidazoli, dawa ya bei ndogo ambayo wengi wenu mmeshawahi kuinywa kwa tumbo. Kidonda kioshwe taratibu kwa maji yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, yakaachwa yapoe. Vidonge visagwe mpaka viwe unga laini kabisa, unyunyizwe juu ya kidonda, kisha kifunikwe kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa, kikaanikwa juani na kupigwa pasi. Kitambaa kikiganda msikivute, kiroweshwe kwanza kwa maji yale yale. Kipimo na idadi ya vidonge mwulizeni muuguzi wa kituo chenu, na mara ya kwanza mwombeni aje awaonyeshe. Baada ya siku chache harufu hupungua sana. Nimeona nyumba ambamo wajukuu walirudi kulala chumbani kwa bibi yao kwa sababu ya kazi hii tu, na bibi akaanza tena kuwasimulia hadithi.

Halafu kuna mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Naelewa khofu ya watu inatoka wapi, kwa sababu visiwa vyetu vimeumizwa sana na unga wa kulevya, na hakuna mtaa usio na kijana aliyepotea. Lakini mgonjwa wa saratani anayepewa mofini ya maji kwa kipimo alichopangiwa na daktari hageuki teja, na mofini haimuui. Hunywewa kila baada ya saa 4, kwa saa, wala haingojwi mpaka maumivu yarudi, kwa sababu maumivu yaliyokwishapanda ni magumu kuyashusha. Siku za mwanzo mgonjwa anaweza kusinzia sana. Mara nyingi analipa usingizi aliokuwa ameukosa kwa majuma. Choo hufunga, na hili haliondoki lenyewe, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile. Wenzetu wa Uganda wametutangulia mbali: Daktari Anne Merriman alianzisha Kampala mwaka 1993 huduma ya kuwatuliza maumivu wagonjwa wasioponyeka, mofini ikawa inachanganywa humo humo nchini kutokana na unga wake, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika wenyewe, ili mgonjwa wa kijijini asimngoje daktari asiyefika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu 100 wanaohitaji huduma ya aina hii duniani, ni 14 tu hivi wanaoipata. Hao 86 waliobaki wamo majumbani, na baadhi yao wamo katika mitaa yetu.

Mkipata watu wa kuwafundisha, mimi nipo. Magoti yamechoka lakini mikono bado.

Mpemba wa Temeke:

Ndugu yangu mleta uzi, mimi ni katika wale wanaopigiwa simu usiku: "Kesho asubuhi fulani anashuka na boti, ana rufaa, mpokee." Namshukuru Mungu kwa kila niliyempokea, na sijuti. Lakini niseme kwa uwazi yale ambayo aliyeko Pemba hayaoni, ili mkipanga mpange vizuri.

Kutoka kwangu mpaka Ocean Road mgonjwa anapanda daladala asubuhi pamoja na watu wanaokwenda makazini. Wiki mbili za mwanzo anavumilia. Kuanzia hapo, mwenye kupigwa mionzi ya nyonga huanza kuharisha, mkojo unamchoma na kumjia mara kwa mara, na uchovu unamlemea hata kabla hajatoka nyumbani. Nilikuwa na mgeni, mama wa makamo, ambaye nilimwona anakataa chai na mkate kila asubuhi. Nilidhani hana hamu. Mke wangu ndiye aliyegundua kwamba alikuwa akijinyima kwa makusudi, hanywi hata maji, ili yasimkute ya kumkuta ndani ya daladala katikati ya watu. Mtu anatibiwa, na kila siku anafunga kwa khofu ya kuadhirika! Tulipopata dereva wa bajaji, kijana wa Kipemba, akakubali kumchukua kwa malipo ya mwisho wa wiki, alianza kula na nguvu zikarudi kidogo.

Kwa hiyo nashauri kwamba badala ya kila shehia kuhangaika peke yake, shehia kadhaa ziungane na kukodi chumba na sebule upande wa Kariakoo au Upanga, karibu na hospitali, pahala penye choo cha ndani. Wagonjwa wawili au watatu wa kike wakae pamoja na mtu wao wa kuwapikia, na watakuwa na faida nyingine ambayo mimi na mke wangu hatuwezi kuwapa, yaani ya kuwa na mwenzio anayepitia yale yale. Kwa watoto jambo hili limeshaonekana: wanaotibiwa saratani Muhimbili husaidiwa na shirika la Tumaini la Maisha, na suala la wapi mama na mtoto watalala limefanywa kuwa sehemu ya matibabu. Watu wazima nao wanastahiki.

Na jamani, tuwaeleze watu wetu kwamba saratani haiambukizi kwa kula sahani moja, na kwamba aliyepigwa mionzi ya nje hatoki nayo mwilini. Amekuja mgonjwa kwangu na kikombe chake na sahani yake ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu ndivyo alivyozoeshwa huko alikotoka, na hakuwa tayari kumpakata mtoto wetu mpaka tulipomwekea mtoto mapajani sisi wenyewe.

Abu Twaha:

Mada ni nzuri, na Muuguzi Mstaafu Mungu amlipe kheri. Lakini mwenye kuzungumza michango lazima azungumze uaminifu. Katika mtaa mmoja, ambao sitautaja, pesa zilikusanywa kwa ajili ya kijana aliyekuwa na uvimbe wa taya, tena nyingi, na familia ilipata sehemu tu. Tokea hapo akija mtu na daftari watu wanafunga milango. Mtalitatua vipi hili? Bila ya jibu la hapa, yaliyobaki hayatasimama.

Mwana wa Jadida:

Abu Twaha, swali lako ni la haki na nimelifikiria sana. Ninavyoona mimi, kosa kubwa ni kukusanya pesa baada ya mgonjwa kupatikana, kwa haraka, kwa huruma ya siku moja, bila ya mtu kujua kinachohitajika ni kiasi gani. Mfuko uwepo kabla ya mgonjwa, kila nyumba itoe kidogo kila mwezi, na kiasi kiwe cha mwenye kuuza muhogo kukiweza. Usishikwe na mtu mmoja. Wawe watatu, mmoja wao awe mwanamke anayeaminiwa na wanawake wenzake, kwa sababu wagonjwa wetu wengi ni wanawake na hawatamweleza mwanamme haja zao zote. Pesa zisipitie mkononi mwa mtu zaidi ya inavyolazimu: nauli ilipwe penye tiketi, kodi alipwe mwenye nyumba, na risiti zirudi. Hesabu isomwe hadharani baada ya sala ya Ijumaa, na ipelekwe kwa kina mama katika vikundi vyao vya kuweka na kukopa.

Liko jambo moja ambalo watu huona haya kulitaja. Mgonjwa akifariki na pesa zikabaki, ikubalike tokea mwanzo, kwa maandishi, kwamba kilichobaki ni cha mgonjwa anayefuata. Nimeona familia mbili zilizokuwa zikipendana zikigombana kwa sababu hii hii, na maiti haijapoa.

Binti wa Kiembesamaki:

Nimesoma kwa machozi. Mama yangu aliugua saratani ya koo la chakula, na sisi watoto tulikubaliana asiambiwe. Tulimwambia ni vidonda. Mjomba ndiye aliyeshikilia hivyo, akisema kwamba mama ana moyo mwepesi na atakufa kwa khofu kabla ya maradhi. Mama alijua, kwani mtu mzima aliyepelekwa katika hospitali yenye wagonjwa wa maradhi ya aina moja hawezi kutojua, lakini kwa kuwa tulikuwa tukimficha naye akatuficha kwamba anajua. Tukakaa miezi katika nyumba moja, kila mmoja akimlinda mwenzake kwa uongo, na mambo ambayo alitaka kuyausia, deni alilokuwa nalo kwa mtu wa sokoni na khabari za kiwanja cha marehemu baba, aliyasema siku za mwisho wakati maneno hayasikiki tena vizuri.

Sisemi kwamba kila mgonjwa aambiwe kila kitu kwa siku moja. Ninaomba mgonjwa aulizwe: unapenda kujua nini, na unapenda nani awepo wakati wa kuelezwa? Muuguzi mmoja kijana ndiye aliyefanya hivyo, tena tulikuwa tumeshachelewa. Alivuta kiti akakaa, hakusimama juu ya kitanda kama wenzake, akamwuliza mama kwa upole, "Bibi, nini kinakushughulisha zaidi?" Mama akajibu kwamba anaogopa kufa usiku akiwa peke yake. Kumbe hilo ndilo, wala halikuwa gumu kwetu kulitatua! Kuanzia usiku ule tulipanga zamu za kulala naye.

Maalim wa Chuoni:

Assalaam alaykum. Kumzuru mgonjwa ni katika haki za Muislamu juu ya ndugu yake, imetajwa pamoja na kuitikia salamu na kufuata jeneza, na mleta uzi amesema kweli kwamba la jeneza tunalitimiza na la mgonjwa tunalifanya kwa haraka, dakika tano mlangoni. Kuna adabu zake pia: msikae mpaka mgonjwa achoke, msimsimulie nani na nani walikufa kwa maradhi hayo hayo, msimwulize alifanya nini mpaka yakampata.

Na kwa kuwa watu wengi hutujia sisi kabla ya kwenda hospitali, naona ni wajibu wangu kuliandika hili. Mwanamke akija kuniomba kombe, aya zinazoandikwa na kuoshwa kwa maji ya kunywa, kwa uvimbe wa ziwa, namwandikia, na namsomea, na namwambia asilale Jumatatu bila ya kufika hospitali, kisha namtuma mke wangu afuatane naye. Dua na daktari havigombani. Anayemzuia mtu asiende kutibiwa mpaka amalize visomo vyake, miezi ikapita na uvimbe ukakua, atakwenda kuulizwa mbele ya Mola wake. Masheikh tulibebe hili katika khutba, kwa uwazi, na tuwataje wanaume pia, kwa sababu mzee anayeona shida ya kukojoa huona haya kusema mpaka saratani ya tezi dume imeshafika mifupani.

Mama wa Watatu:

Naomba niseme la kwetu wanawake, na sitaandika mengi. Nilipokatwa ziwa, majirani walinizuru, walinipikia, walinifulia. Kilichoniumiza ni kwamba baada ya mwezi mume wangu alihama chumba, na baada ya muda nikapata talaka yangu kwa karatasi, dawa za dripu nikiwa bado sijazimaliza. Sikuwa peke yangu. Kliniki tulikuwa tukijuana. Mkitunga huo utaratibu wenu, wekeni wanaume wa makamo wenye hekima wa kukaa na waume wa wagonjwa, wawaeleze maradhi haya ni nini, wawasikilize na khofu zao, kwa sababu nao huachwa hivi hivi barazani hakuna anayewaambia neno. Labda wangu angesikia. Na mwanamke aliyeachwa akiwa anatibiwa ahesabiwe kuwa ni wa mtaa mzima.

Muuguzi Mstaafu, Chake:

Mwanangu Mama wa Watatu, pole sana, na umesema jambo ambalo sisi wauguzi tulikuwa tukiliona na kulinyamazia kwa kulihesabu kuwa ni la nyumbani kwa watu. Niongeze na wale wanaouguza. Binti wa miaka 14 aliyeacha skuli ili amgeuze mama yake kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo, huyo naye anahitaji mtu wa kumwambia: nenda kalale, leo niko mimi. Mkipanga zamu msipange za kumwangalia mgonjwa tu. Pangeni na za kumpumzisha anayemuuguza.

Mwana wa Jadida:

Nawashukuru nyote. Mama wa Watatu, pole, na ombi lako limeingia.

Kutokana na yaliyosemwa, sisi wa huku Wete tutaanza na shehia moja, hatutasubiri kisiwa kizima kikubaliane. Nimeshazungumza na sheha wetu, na amekubali kuitisha kikao cha kina mama na cha wazee wa msikiti, kila kimoja kwa wakati wake, ili wanawake waseme bila ya kuona haya. Muuguzi Mstaafu, kwa idhini yako nitakufuata Chake tupange siku ya mafunzo ya kwanza, tuanze na kusafisha kidonda na kumgeuza mgonjwa, na tuwaalike wauguzi wa kituo cha afya wawepo, kwa sababu wao ndio watakaobaki na watu hawa, na bila ya ridhaa yao mtu wa mtaani asiguse dawa ya mgonjwa. Maalim, tunakuomba utuandikie ukurasa mmoja juu ya udhu, josho na kutayamamu kwa mgonjwa wa mionzi na mwenye kidonda kisichokauka, tuuchapishe na kila anayeondoka na rufaa apewe.

Mpemba wa Temeke, kwako nina maswali, na wengine mlioko Dar es Salaam mnisaidie kuyajibu. Wenye nyumba wa Kariakoo na Upanga hutaka kodi ya miezi mingapi kwa mkupuo? Je, yule kijana wa bajaji angekubali mkataba wa kuwachukua wagonjwa watatu kwa safari moja, na mlipo ukatoka kwetu kila mwezi badala ya kwao kila wiki? Na pale hospitali, ni ofisi gani ya ustawi wa jamii tunayotakiwa kujitambulisha kwayo, ili mgonjwa wa Pemba akifika bila ya mtu wajue nambari ya kuipiga? Majibu yakipatikana kabla ya kikao nitayapeleka na gharama zake, ili watu wajue wanachangia nini tangu mwezi wa kwanza.